Asilimia Nane

Hosteli ya Chuo cha Kodi
Jumapili, 3 Machi

Mama Watoto,

Tumefika salama. Nakuandikia barua kama enzi za uchumba, na sababu yake yenyewe ni kichekesho. Jana jioni walitukusanyia simu zote wakazifungia kwenye sanduku la chuma. Awamu iliyopita mjumbe mmoja alipiga picha rasimu ya makubaliano, akairusha kwa bahati mbaya kwenye kundi la maandalizi ya harusi ya mpwa wake, na kulipokucha redio zote zikawa zinaisoma. Kwa hiyo safari hii hakuna simu mpaka tukubaliane na serikali kuu au tushindwe kabisa. Barua hakuna aliyezikataza. Nadhani wamesahau kwamba bado zipo. Dereva wa ofisi yetu anakuja huku kila wiki, atakuletea hii na atachukua ya kwako.

Tunachogombea unakijua, jimbo letu liwe na mamlaka yake juu ya kodi zake. Kulitaka jambo hilo tunalitaka wote watano, ila kila mmoja ana picha yake kichwani. Mwenyekiti, yule wakili mstaafu, amekuja na mbinu. Anasema hatukai meza moja na watu wa Hazina kabla hatujajua wenzetu duniani wamefanyaje, kwa hiyo kila mjumbe apewe jimbo moja la nchi ya mbali, alisome mpaka aliote, na mezani tuitane kwa majina hayo. Yeye amejichukulia Tiroli ya Kusini, kule Italia, ambako katika kodi kubwa zinazokusanywa jimboni, kiasi cha tisa ya kumi hubaki kuwa mali ya jimbo. Mama wa forodha amekuwa Baski. Hao wa Hispania hukusanya kodi zao wenyewe, halafu huilipa serikali kuu kwa yale inayoendelea kuwafanyia, jeshi na mabalozi na mengine ya aina hiyo. Mhadhiri wetu ni Kwebeki, ya Kanada, ambako mtu hujaza fomu ya kodi ya jimbo na nyingine ya taifa, na yeye analiona hilo jambo tamu kweli. Yule bwana wa mbao ni Grinlandi, anayetumiwa fungu lake kila mwaka kutoka Denmaki.

Mimi nilikuwa chooni. Niliporudi nikakuta kimebaki kisiwa. Visiwa, niseme: Alandi, vya Ufini. Serikali kuu yao ndiyo inayokusanya sehemu kubwa ya kodi, kisha inawakatia fungu moja wakalitumie wanavyotaka. Hakuna aliyepataka kwa sababu hapana mbwembwe yoyote. Tangu jana hakuna anayeniita jina langu. Hata mhudumu wa chai ananiuliza, "Mzee Alandi, sukari?"

Shemeji anaendeleaje? Mwambie nimemwachia lile koti langu la kijivu, asijifanye hakuliona. Wasalimie watoto.

Mumeo,
Alandi (ndiyo maisha)


Wodi ya Figo, baada ya zamu
Jumamosi, 9 Machi

Baba Watoto,

Sikushangaa kusikia ulikuwa chooni. Hata siku ya harusi yetu keki ilikatwa mara mbili kwa sababu hiyo hiyo. Watoto wazima, mdogo amepoteza kiatu kimoja cha shule na anasema kimejipoteza chenyewe.

Kaka yangu yupo, na mdomo wake upo. Siku ambazo haji kusafishwa damu yuko mitaani na kopo la rangi nyekundu. Kazi ya mabango ameiweka kando, sasa anachora kitu kimoja tu: TISINI. Ile rasimu iliyovuja ilisema mnadai asilimia tisini ya kodi zetu zibaki nyumbani, basi hana usingizi. Ameandika kwenye ukuta wa soko, kwenye ukuta wa gereji, na juzi kwenye ukuta wa hospitali unaotazamana na dirisha langu, herufi zinamzidi yeye kimo. Mganga mkuu alitaka kumshtaki, akaacha alipoona jinsi herufi zilivyonyooka. Akiwa kitandani na mirija mkononi anahutubia wodi nzima, na wagonjwa wenzake wanampigia makofi kwa mkono mmoja ulio huru. Anawaambia, "Tangu babu zetu tunakamua sisi, wanakunywa wao." Mimi napita katikati na trei yangu.

Nina swali, na nakuomba usinipige chenga kama kawaida yako. Mashine zangu zililetwa na serikali kuu. Vichujio, mirija na maji ya dawa tunaletewa na bohari ya serikali kuu. Wiki hii mtunza stoo wa bohari amenipigia simu: kuanzia Julai, mamlaka yenu mapya yakianza, oda aandike jina la nani? Nikamjibu aandike langu, nitalipia na mshahara. Hakucheka.

Nakuuliza wewe unayekaa na wakubwa. Mkishapata hiyo tisini, vichujio vyangu ananunua nani?

Mkeo,
Sista


Hosteli ya Chuo cha Kodi
Ijumaa, 15 Machi

Mama Watoto,

Barua yako nimeisoma mara tatu, mara ya mwisho nikiwa kwenye foleni ya kunyoa. Mambo ya ndani ya mazungumzo tumekula kiapo tusiyatoe, kwa hiyo usiniulize zaidi ya ninavyoweza. Lakini ondoa wasiwasi. Afya ni jambo kubwa, litapangiwa utaratibu wake.

Nikusimulie vituko vya hapa angalau ucheke. Mbinu ya mwenyekiti imezaa kichaa. Kila mtu amelipenda jimbo lake kana kwamba kitovu chake kimezikwa huko. Mwanzoni tulisema "wao wanafanya hivi". Sasa watu wanasema "sisi". Mama Baski alimwambia mwenyekiti mbele ya wageni wa Hazina, "Sisi hatuombi kurudishiwa, sisi hukusanya na kulipa. Nyie Tiroli ni watu wa kusubiri mlangoni." Mwenyekiti akanuna. Siku mbili hawakusalimiana, chumvi mezani ilipitia kwa Kwebeki. Watu wazima, wana wajukuu, hawajawahi kufika huko na hawatafika, wanakosana kwa ajili ya milima ya wenyewe. Na mimi nisijitoe. Jana Grinlandi alisema visiwa vyangu ni ombaomba wenye bendera, nikajikuta nimesimama na kidole juu.

Katika kuwasoma hao wenzetu nimegundua kosa letu. Tumekuwa tukilinganisha namba. Nani anabakiza ngapi? Tiroli tisini, basi nasi tisini. Wala hatukuandika pembeni, tisini ya kulipia nini? Hao wa Tiroli wanalipa shule, hospitali, barabara, wazima moto, karibu kila kitu. Ukichukua mfuko, unachukua na orodha ya matumizi. Nilipolisema hili mwenyekiti alijibu kwamba tutaivuka mito tutakapoifikia, kisha akaahirisha kikao kwa ajili ya chai.

Mwambie shemeji apunguze kuhutubia, kwa mgonjwa si vizuri. Na wewe jikaze kisabuni, nitarudi.

Mumeo,
Alandi


Nyumbani kwangu
Jumatano, 20 Machi

Shemeji,

Dada hajui kama nakuandikia na usimwambie. Dereva wa ofisi ni mteja wangu, nilimchorea namba za gari lake la biashara, tumeelewana.

Wewe mtu wa namba kwa hiyo naenda moja kwa moja. Wiki hii nimepangiwa kusafishwa damu mara mbili badala ya tatu. Wiki iliyopita hivyo hivyo. Dada alisema mashine moja inatengenezwa. Mimi ni mchora mabango, macho yangu hayadanganywi kirahisi: mashine zote zinawaka. Nikapita kabati ya vifaa wakati yupo kwenye simu. Rafu ya juu tupu, ya katikati tupu, ya chini ina maboksi machache. Bohari imepunguza. Wamekwisha toa jina la jimbo letu kwenye oda zao za mbele, na za sasa wanazitoa kwa kijiko. Nimemuuliza mtunza stoo mwenyewe, akaniambia, "Nyie si mnataka kujitegemea?"

Sasa nisikilize. Najua kichwa chako kinavyofanya kazi. Hapo ulipo umeshaanza kupanga jinsi ya kuniokoa. Acha. Mimi nilikuwa na umri wa mwanao wa kwanza nilipomwona baba akipanga foleni siku nzima kwenye ofisi ya serikali kuu kuomba mfereji wa maji uchimbwe mtaani kwetu, maji ambayo kodi yake alikwisha kuilipa. Aliambiwa arudi wiki ijayo. Alirudi wiki ijayo kwa miaka. Nimebeba hasira hiyo mpaka leo na ndiyo inayonifanya nipande ngazi na kopo la rangi huku miguu imevimba. Tukipata tisini hakuna mtu wa mtaa huu atakayerudi wiki ijayo tena.

Mguu mmoja ndani mwa kaburi ninao tayari, tusidanganyane. Lakini sitaki siku moja watu waseme jimbo lilipunjwa kwa sababu ya figo za mchora mabango. Usinipigie kura mimi. Pigia tisini.

Koti la kijivu nimeliona. Linanibana makwapa, lakini nalivaa.

Shemejio,
Mchora mabango


Hosteli ya Chuo cha Kodi
Jumapili, 24 Machi

Mama Watoto,

Nakuuliza jambo moja na nataka jibu la muuguzi, sio la mke. Wagonjwa wako wanasafishwa mara ngapi kwa wiki?

Usiniulize nimejuaje. Najua tu kwamba umenificha, na nakiri kwamba nami nimekuficha. Nilipokuandikia kwamba afya itapangiwa utaratibu, rasimu nilikuwa nayo mbele yangu. Inasema kwamba kuanzia tarehe ya mamlaka mapya, manunuzi yote ya afya ni juu ya jimbo. Mstari mmoja tu, hauna hata koma. Jimbo halina bohari, halina wanunuzi wanaojua kichujio cha figo ni kitu gani, na muuzaji wa nje hatatuuzia sisi boksi moja kwa bei anayowauzia wao makontena. Mwaka mzima utapita tukijifunza. Wewe unajua kuliko mimi mwaka mzima una maana gani kwa watu wako.

Kiapo nimekivunja hapo juu. Basi.

Jana nilisimama kikaoni. Nikawaeleza yaliyomo kwenye makaratasi ya visiwa vyangu, ambayo hakuna aliyewahi kunisikiliza nayo: kwamba wana hospitali yao na serikali yao, lakini mgonjwa mzito anayehitaji wasichonacho huvushwa kwenda kutibiwa nje ya visiwa, na wao hulipia. Wala hawajioni wamepungukiwa. Nikasema nasi tuache jambo moja, manunuzi ya vifaa vya tiba, libaki kwa serikali kuu, na tulilipie. Watu wa Hazina wakanong'onezana wakatoa bei yao. Watabaki na bohari kwa ajili yetu, nasi tushuke kutoka tisini hadi themanini na mbili, kwa miaka mitano, kisha tuangalie upya.

Mwenyekiti aligonga meza. Akasema jimbo zima linaimba tisini na mimi nataka kuwauzia themanini na mbili. Halafu mama Baski akaniuliza, kwa sauti ya chini kabisa, "Alandi, shemeji yako si yuko kwenye mashine hizo?"

Nikajibu ndiyo. Akaniuliza tena, "Asingekuwepo, ungekiona kifungu hicho?" Nikamwambia ukweli, kwamba sijui. Mpaka sasa sijui. Kura itapigwa wiki ijayo.

Nijibu haraka.

Mumeo


Wodi ya Figo
Alhamisi, 28 Machi

Baba Watoto,

Mara mbili. Na si wote, wengine mara moja na nusu, maana nawatoa kabla ya saa zao kutimia. Nilianza kupunguza siku ile ile niliyokuandikia barua ya kwanza. Nilikuficha kwa sababu nakujua. Ungeacha kusikiliza kila kitu kinachosemwa hapo mezani, ukawa unasikia mashine tu. Nilitaka ukae kama mjumbe wa jimbo.

Mwalimu mkuu mstaafu, yule wa kitanda cha dirishani, amefariki juzi. Alikuwa amejaa maji. Aliniambia asubuhi kwamba hana lawama na mtu, kisha akaniuliza kama kesho yake ni zamu yake, nikamwambia ni zamu yake. Haikuwa. Niliandika fomu, nikawapigia wanawe, nikatandika kitanda. Halafu nikaingia kwenye stoo ya mashuka nikafunga mlango nikalia mpaka nikapata kwikwi. Baada ya hapo nikarudi kupima presha.

Redio imesema ujumbe wetu umeshikamana, kauli moja, tisini. Niliposikia hivyo nilikuchukia kidogo, nakwambia wazi. Nikasema kumbe amekaa na wakubwa mpaka amekuwa mkubwa. Kisha barua yako ikafika na nimeona aibu, lakini si nyingi, maana wewe nawe ulinijibu habari za milima ya watu wakati nimekuuliza vichujio.

Kuhusu kura, nitakuambia mambo mawili na yanapingana, utajua mwenyewe la kufanya. Mimi ni sista wa wodi hii, na kama sista nasema usimpigie kura mtu mmoja, nina watu hapa ishirini na kitu na kila mmoja ni ndugu wa mtu. La pili, mimi ni dada. Tumebaki wawili kwa mama yetu. Namtaka kaka yangu. Simtaki kwa heshima wala kwa historia ya jimbo, namtaka akiwa mzima jikoni kwangu ananikosoa chumvi.

Yeye mwenyewe ananiambia nisikuandikie lolote. Kwa hiyo najua amekwisha kukuandikia.

Mkeo,
Sista


Hosteli ya Chuo cha Kodi
Jumanne, 2 Aprili

Shemeji,

Kura imepigwa asubuhi. Nilitaka uyasikie kutoka kwangu kabla hujayasikia kwenye redio yenye kutia chumvi.

Mwenyekiti alipiga kura ya tisini. Kwebeki tisini. Grinlandi akasema yeye ni mfanyabiashara, hawezi kununua duka bila kujua lina deni gani, akapiga themanini na mbili. Ikabaki mama Baski na mimi. Nilidhani atanimaliza. Alisimama akavua miwani, akasema usiku mzima alikuwa anawafikiria Wabaski wake. Akasema watu wale hawapimwi kwa walichobakiza, wanapimwa kwa hili: wanakusanya wenyewe, kisha wanailipa serikali kuu kwa kazi inayowafanyia, kama mteja anavyomlipa fundi. "Kama hii asilimia nane ni malipo ya kazi, na imeandikwa hivyo, hakuna aliyeninyang'anya kitu. Nimenunua." Akapiga themanini na mbili, akadai kifungu kiandikwe upya, neno "kupunguziwa" litoke, liwekwe "malipo ya huduma", na bohari ikichelewesha mzigo tusilipe. Watu wa Hazina walikasirika kuliko walivyokasirikia tisini. Ndipo nilipojua kwamba ana haki.

Kisha ikafika zamu yangu na ilikuwa sawa kwa sawa.

Barua yako ilikuwa mfukoni. Uliniambia nisikupigie kura wewe. Nimejaribu, Mungu shahidi. Nilijaribu kuwaza wodi yenye wagonjwa nisiowajua hata mmoja, nikajiuliza ningefanya nini, na kila nilipowaza nilikuona wewe umekaa kitanda cha tatu unapiga kelele. Kwa hiyo sitakudanganya kwamba nilipiga kura kwa akili tupu. Nilipiga themanini na mbili. Watatu kwa wawili, ikapita. Hazina wamelikubali neno la mama Baski, ila tunabaki hapa bila simu mpaka vifungu vyote visainiwe.

Mwenyekiti hakunipa mkono. Nje kulikuwa na vijana kutoka nyumbani wamevaa fulana zenye namba ile, na mmoja akaniita muuza kwao. Alikuwa na haki ya kukasirika. Hajui kichujio ni nini, na hakuna aliyemweleza, mimi nikiwa mmoja wa wasiomweleza.

Mfereji wa baba yako naukumbuka. Ulinisimulia siku nilipokuja kujitambulisha kwenu, kabla hata hujanikaribisha kiti. Sikuupuuza. Kodi tutakusanya sisi. Ofisi ya kuuliza itakuwa mtaani kwetu. Ila vichujio, kwa miaka mitano, tutanunua kwao.

Nasubiri matusi yako.

Shemejio,
Alandi


Wodi ya Figo
Jumatano, 10 Aprili

Baba Watoto,

Gari la bohari lilikuja Ijumaa mchana. Mtunza stoo mwenyewe alikaa mbele na karatasi ya kusaini, mpole kama mkwe mpya. Rafu zimejaa, na jioni ile ile niliwarudisha wote kwenye mara tatu.

Wote isipokuwa mmoja. Jumamosi kaka hakutokea. Nikadhani amechelewa. Nikatuma mtu, akarudi na jibu kwamba mgonjwa amesema hapandi mashine ya asilimia nane. Jana pia hakuja. Umenisikia? Siku zote zile vifaa havipo alikuwa anakuja, anakaa benchi, anasubiri zamu iliyopunguzwa. Vimefika, amegoma.

Leo nimemwachia mwenzangu zamu nikaenda kwake. Nimemkuta kitandani, uso umevimba mpaka macho yamekuwa mistari, anapumua kwa kazi. Bado ananihutubia. Jimbo limeuzwa, shemeji amemfanya yeye kuwa bei, watu watamnyooshea kidole mtaani. Nilimwacha amalize. Kisha nikamwambia, "Mwalimu mkuu alikufa bila kupewa nafasi ya kugoma." Nikamwambia kwamba kitanda chake hakikununuliwa kwa jina lake, kipo kipo tu, asipokilalia yeye nitamlaza mwingine, na nane ile italipwa vilevile. Kama anataka kufa kwa hasira afe, lakini asinisingizie kwamba jimbo limeokoa senti.

Akaniuliza, "Kwa hiyo nikifa hairudi tisini?"

Nikamwambia hairudi.

Halafu akaomba nimpe mkono asimame. Tulichukua teksi. Ndani ya wodi amenigeuzia mgongo, akaelekea ukutani saa zote nne. Wenzake walitaka kumpigia makofi kumkaribisha, nikawakonyeza waache. Presha yake imeshuka. Amekojoza watu kwa vicheko miaka yote, leo wodi imekuwa kimya mpaka nikawasha redio.

Amechukua kalamu yangu bila kuomba. Sijui anamwandikia nani.

Usiogope kurudi. Wapo watakaokuzomea na wapo watakaokushika mkono, na wengi hawajaelewa bado kitu gani kimetokea. Itabidi ukae nao uwaeleze, hata ukiwa umechoka. Kwangu mimi umefanya vizuri. Leo nitalala usingizi wa kweli kwa mara ya kwanza tangu uondoke.

Mkeo anayekusubiri,
Sista


Wodi ya Figo, kitanda cha tatu
Jumamosi, 13 Aprili

Shemeji,

Naandika kwa mkono wa kushoto, wa kulia una mirija. Ukiona herufi zimelala ujue sababu, mtu asije akasema mchora mabango ameishiwa.

Nimekasirika na wewe. Nataka hilo liwe wazi kabla ya salamu. Nilikuomba jambo moja tu maishani, ukiacha pesa ya nauli, na hukulifanya. Nimesoma ulivyoandika habari ya huyo mama Baski na malipo ya fundi. Nimelifikiria. Ni hoja nzuri na imenikera zaidi kwa kuwa nzuri. Mimi nikimchorea mtu bango, ananilipa, hakuna anayesema amekuwa mtumwa wangu. Lakini baba hakupanga foleni kwa ajili ya hoja nzuri.

Leo nimekula. Miguu imeingia kwenye viatu. Asubuhi nilipanda ngazi za hospitali bila kusimama katikati, na nilipofika juu nilikuwa nimekasirika vilevile, ila pumzi ninayo. Hilo nalo limenikera, kwamba siwezi hata kukuchukia bila kutumia ulichonipa.

Dada anasema unaogopa kuja kwangu. Una haki ya kuogopa. Sikusamehe leo wala sina haraka. Lakini usije ukakaa na Sista jikoni mkaninong'ona, ukadhani yamekwisha. Njoo huku. Jumanne, Alhamisi na Jumamosi asubuhi nimefungwa kwenye mashine, siwezi kukimbia, nawe utakaa kwenye kiti cha wageni na utanisikiliza mpaka mwisho. Nina mengi ya kukuambia, na muda ninao.

Shemejio